Chumba cha chini: kutoka ghala la vikorokoro hadi makazi ya heshima

Katika nchi za baridi watu huchimba chumba chini ya nyumba. Hukitumia kuwekea mtambo wa kupashia nyumba joto, kufulia nguo, na siku hizi hata kupokelea wageni. Pwani yetu haina desturi hiyo, kwa kuwa maji ya bahari hayako mbali na jembe. Lakini tunacho chumba kinachofanana nacho. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, ni kile chumba cha chini kinachopakana na kichochoro. Zamani kilikuwa duka, bohari ya nazi na karafuu, au mahali pa kupokelea wageni wasio mahirimu. Leo katika nyumba nyingi ni ghala la vikorokoro: friji bovu, kitanda kilichokatika mguu, magunia ya nguo zisizovaliwa, na ile harufu ya ukungu inayompokea mtu kabla hajawasha taa.

Wakati huohuo, ghorofa ya pili ya nyumba hiyohiyo anakaa bibi au babu ambaye magoti yake hayaziwezi tena zile ngazi kali na nyembamba. Ameletwa juu baada ya kutoka hospitali na hajashuka tangu hapo. Haioni jua la asubuhi, hasikii maongezi ya barazani, na msikiti ulio hatua arobaini kutoka mlangoni umekuwa mbali naye kama mji mwingine. Wiki hii tunazungumzia namna ya kukitengeneza chumba cha chini kikawa mahali pa kuishi, kwa kuchanganya ufundi wa wazee wetu na nyenzo za leo. Tunalizungumzia pia kwa tahadhari, kwa sababu tunaona kazi nyingi zikianza na marumaru na kuishia kwenye pumu.

Nia kabla ya nyundo

Allah Mtukufu anatukumbusha katika Surat An-Nahl, aya ya 80, kwamba Yeye ndiye aliyetujaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu. Basi swali la kwanza si rangi gani ipakwe wala zulia gani linunuliwe, bali ni nani atakayetulia humo.

Tunaona matumizi matatu yanayostahiki. La kwanza ni makazi ya mzazi mzee, na hili kwa maoni yetu ndilo linalotangulia, kwa kuwa Surat Al-Israa imefuatisha wema kwa wazazi na amri ya kumwabudu Allah peke yake, tena ikawataja hasa wanapofikia uzee wakiwa kwetu. La pili ni chumba cha elimu na ibada, ambamo watoto watasoma Qur'ani na masomo ya skuli mbali na televisheni na mlio wa jikoni. La tatu ni chumba cha wageni chenye mlango wake, kitakachomwezesha mgeni kuingia na kutoka bila kuwafadhaisha watu wa ndani.

Chumba kimoja chaweza kubeba mawili kati ya haya, lakini ni vigumu kubeba yote matatu. Familia ikae, ishauriane, na mzazi mwenyewe aulizwe. Wako wazee wasiopenda kuhamishiwa chini kwa kuhofia kwamba wanatengwa. Mzee asiyeshirikishwa ataona kuwa ameondolewa. Aliyeulizwa mlango uelekee wapi na kitanda kikae upande gani ataona kuwa ametukuzwa.

Nyumba ni ya nani?

Kabla ya mfuko wa kwanza wa mchanga kuletwa, jambo hili lazima liwe wazi, kwa sababu hapa ndipo undugu unapovunjika. Nyumba nyingi za mji wa kale ni mirathi isiyogawiwa. Kaka mmoja anayeishi humo, au dada aliye ng'ambo mwenye uwezo, anatoa fedha na kutengeneza chumba cha chini. Miaka inapita, nyumba inauzwa au inagawiwa, na ndipo linapozuka swali: zile fedha zilikuwa zawadi kwa familia, mkopo, au sehemu ya kununulia haki za wenzake? Kila mmoja anakumbuka anavyotaka kukumbuka.

Qur'ani, katika aya ndefu ya madeni iliyomo ndani ya Surat Al-Baqara, inatuamrisha kuandika. Basi iandikwe karatasi moja, wasaini warithi wote na mashahidi, ielezwe kiasi kilichotolewa na nia ya kutolewa kwake. Panapokuwa na utata, kadhi aulizwe mapema, asisubiriwe wakati wa kesi. Ikiwa nyumba ni ya wakfu, mpangaji hana ruhusa ya kubadili jengo kwa matamanio yake. Kwa Zanzibar, aanze kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ndiyo yenye dhamana ya mali hizo.

Kuna pia haki ya mji wenyewe. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu mwaka 2001. Unguja iko Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, na kazi ya ujenzi ndani ya eneo hilo inahitaji kibali chake. Wapo wanaokiona kibali kuwa usumbufu. Lakini nyumba zetu zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na anayebomoa kwake huenda akaiangusha ya jirani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la aina hii si la kuchezewa. Mtume (rehma na amani za Allah zimshukie) ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana, na ukuta wa pamoja ni mahali pa kwanza pa kulitekeleza fundisho hilo.

Adui wa kwanza ni unyevu

Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, na unene wake hufika nusu mita au zaidi. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi kama sifongo. Maji yaliyomo ardhini huyapanda mawe hayo taratibu, kama mafuta yanavyopanda utambi wa kandili, yakibeba chumvi. Yakifika usawa fulani hutoka nje kwa mvuke, na chumvi hubaki juu ya ukuta, ikajaa, ikasukuma lipu mpaka ikamomonyoka. Ule unga mweupe unaoonekana chini ya ukuta, pamoja na rangi inayobanduka vipande vipande, ndiyo alama yake.

Chumba cha chini huteseka zaidi kwa sababu nyingine tena. Vichochoro vimekuwa vikiwekwa tabaka jipya juu ya la zamani, hata sakafu za nyumba nyingi leo ziko chini ya usawa wa njia. Mvua za masika zikinyesha, maji hutafuta pa kuingia. Mabati yaliyowekwa juu ya mapaa ya zamani mara nyingi hayana mfereji mzima, na maji humwagika kwenye msingi mwaka hadi mwaka. Bomba bovu la ghorofani au karo lililojengwa kando ya ukuta humalizia kazi.

Basi kabla ya kununua chochote, familia ifanye uchunguzi. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kibandikwe ukutani kwa utepe pande zote nne, kikae siku mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya chumba, na dawa yake ni madirisha na feni. Matone yakiwa upande wa ukutani, nyuma ya nailoni, basi maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na chanzo chake lazima kitafutwe. Jaribio hili halina gharama, nalo humwepusha mtu na matumizi makubwa yasiyo na faida.

Nyufa nazo zikaguliwe. Ufa ukitiwa kiraka chembamba cha chokaa na kuandikwa tarehe, kisha kiraka kikapasuka baada ya wiki au miezi, maana yake ukuta bado unatembea. Hapo ni lazima aitwe mhandisi kabla ya mpaka rangi.

Chanzo kikijulikana, kitibiwe kwa utaratibu huu: mfereji wa paa urekebishwe, bomba lizibwe, karo lihamishwe au lifunikwe vizuri, na maji ya kichochoro yaelekezwe mbali na mlango. Kisha lipu mbovu ibanduliwe na ukuta uachwe upumue. Ukuta mnene ulionyonya maji kwa miaka ishirini haukauki kwa siku kumi. Unahitaji miezi, huku milango na madirisha yakiwa wazi. Chumvi inayotoka ifagiliwe kwa brashi kavu, isioshwe kwa maji, kwa kuwa maji huirudisha ndani.

Saruji inaficha, chokaa inatibu

Hapa ndipo mahali ambapo nyumba nyingi zimejeruhiwa kwa nia njema. Mwenye nyumba akiona ukuta unamomonyoka, humwita fundi, naye hupiga lipu ya saruji nzito, kisha rangi ya mafuta. Miezi michache chumba kinang'aa. Lakini saruji haipitishi mvuke kama chokaa. Maji yaliyokuwa yakitoka chini hufungiwa ndani, na yasipopata njia hupanda juu zaidi. Yalikuwa kwenye magoti, yanafika kifuani, mwishowe yanafikia boriti. Saruji pia ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, basi inapobanduka huondoka na uso wa jiwe.

Wazee wetu walitumia chokaa. Walichoma matumbawe katika tanuri, wakayazima kwa maji, wakaiacha chokaa ilale muda mrefu ndipo ikalainika. Lipu ya chokaa hukauka polepole na hushika kwa kuvuta hewa, na baada ya kushika bado hupitisha mvuke. Kipimo kinachotumika sana ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Mchanga uwe safi na wenye chembe kali. Mchanga wa ufukweni usitumike, kwa kuwa una chumvi, nayo ndiyo tunayoikimbia.

Lipu ipigwe tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ipewe siku zake, na ukuta ulowanishwe kwanza. Jua na upepo mkali ni maadui wa chokaa mbichi. Ndiyo maana miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ni bora kwa kazi hii kuliko joto la kaskazi. Kazi ikilazimika kufanywa wakati wa joto, ukuta ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Mafundi vijana wavae glavu na miwani, na watoto wawekwe mbali, kwa sababu chokaa mbichi huunguza ngozi na yaweza kumpofua mtu.

Baada ya lipu ipakwe chokaa ya maji, nyembamba kama maziwa, mara tatu au nne. Weupe wake hurudisha mwanga katika chumba chenye dirisha dogo, na asili yake haipendwi na ukungu. Familia isishangae ikiwa baada ya miaka kadhaa sehemu ya chini itamomonyoka tena kidogo. Lipu ya chokaa hukubali kuliwa na chumvi ili jiwe lisalimike, na kuibandika upya kipande kidogo ni kazi ya siku mbili.

Sakafu nayo ifuate kanuni hiyohiyo. Ukimwaga zege na kulifunika kwa vigae kutoka ukuta hadi ukuta, unyevu wa ardhini utakosa pa kutokea na utakimbilia kutani. Ni afadhali chini kuwekwe tabaka la kokoto kubwa zisizo na mchanga ili maji yasipande, kisha juu yake sakafu ya chokaa iliyopondwa na kulainishwa. Mwenye kutaka vigae achague vya udongo wa kuchoma visivyopakwa kioo. Wala asichimbe kina kando ya ukuta kwa kutaka chumba kiwe kirefu. Msingi wa nyumba hizi hauendi mbali, na anayeuchimbua anaiondolea nyumba miguu.

Boriti ni nguzo na pambo

Upana wa vyumba vyetu vya zamani hauzidi mita tatu hivi, na sababu yake ni mkoko. Boriti haifiki mbali zaidi ya hapo ikabeba dari ya mawe na chokaa. Boriti hizo ndizo uzuri wa kwanza wa chumba, nazo hazihitaji kununuliwa.

Fundi azigonge moja moja. Inayolia kwa sauti kavu ni nzima, na inayolia kwa sauti ya gunia imeliwa na mchwa au imeoza. Hasa aangalie ncha zilizoingia ukutani, kwa kuwa ndipo unyevu unapoanzia. Mbovu zibadilishwe moja baada ya nyingine, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo imara. Ukataji wa mikoko umewekewa masharti, basi boriti mpya zinunuliwe kwa wenye kibali, asije mtu akatengeneza nyumba kwa kuharibu ufuo unaomlinda.

Nzima zisuguliwe kwa brashi, zipakwe dawa ya mchwa, kisha mafuta ya mbao. Ziachwe wazi. Siku hizi kuna mapenzi makubwa ya dari za jipsamu zenye mapindopindo na taa za rangi. Katika nyumba ya kisasa hilo ni chaguo la mtu. Katika nyumba ya mawe, dari ya kufunika ni pazia la maradhi: mchwa watakula na bomba litavuja miaka miwili bila mtu kuona, mpaka siku kitakapoanguka kipande.

Usasa uwekwe panapohitajika

Kupenda vya kale hakuna maana ya kukataa vya leo. Katika umeme, maji na hewa, mambo ya kisasa si anasa. Ni usalama.

Waya za zamani zing'olewe zote. Mpya zipitishwe katika mabomba yake juu ya ukuta, kwa mistari iliyonyooka, badala ya kuuchana ukuta wa mawe. Soketi ziwekwe usawa wa kiuno, mbali na sehemu ya chini yenye unyevu, jambo ambalo pia humpunguzia mzee kuinama. Kiwekwe kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, na kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa. Taa za LED zenye mwanga wa manjano tulivu hulingana na chokaa na mbao, na matumizi yake ni madogo. Taa moja kubwa katikati hukifanya chumba kifanane na duka. Taa tatu ndogo, moja shubakani, moja kando ya kitanda na moja mlangoni, hukifanya kuwa nyumba.

Kwa hewa, dirisha la kichochoroni lifunguliwe kama lilizibwa, na lipatikane tundu la pili upande wa uwani ili hewa ipite. Isipowezekana, feni ndogo ya kutoa hewa itasaidia. Bila hewa kupita, hata chokaa bora itaota ukungu.

Ikiwa chumba ni cha mzee, choo na bafu viwe humo humo au hatua chache tu. Mlango uwe na upana wa kutosha kupitisha kiti cha magurudumu, yaani sentimita 80 hadi 90. Kizingiti kiondolewe, na panapokuwa na tofauti ya usawa uwekwe mteremko mpole, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Choo kiwe cha kukaa, na kandoni vikazwe vishikio vya chuma. Sakafu ya bafu isiwe ya kuteleza. Pawekwe bomba la kutawadhia lenye kigoda cha kujengwa, mzee akae na kutia udhu bila kusimama kwa mguu mmoja.

Tunaongeza jambo ambalo ramani nyingi husahau. Imekatazwa kuelekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Wanazuoni wametofautiana kuhusu ndani ya majengo, lakini anayejenga upya ana nafasi ya kuchagua lililo salama. Makka iko karibu kaskazini halisi ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, basi hesabu ni rahisi kwetu: choo kielekee mashariki au magharibi.

Mapambo yasiyotupeleka kwenye israfu

Sasa chumba ni kikavu, salama na cheupe, na mapambo huja kwa urahisi kwa kuwa ukuta wenyewe una mengi ya kusema. Mashubaka yaliyozibwa kwa kifusi yafunguliwe. La juu liwekewe misahafu, la kati vitabu vya watoto, na la chini chetezo cha ubani na udi. Hayo ni makabati ambayo hayaozi wala hayachukui nafasi ya sakafu.

Kisha familia iende kwenye vile vikorokoro vilivyoondolewa, kabla ya kwenda dukani. Kasha la bibi lenye misumari ya shaba, likisuguliwa kwa ndimu na majivu, ni meza na ni hifadhi ya mashuka. Kitanda cha zamani kilichokatika mguu, fundi seremala atakirudisha kwa gharama ndogo kuliko kununua cha mbao za kubandika ambacho hakitavuka masika mawili. Ubao wa mfenesi au mvule uliolala miaka mingi utatoa rafu au benchi. Tunaomba hasa milango ya nakshi na viti vya enzi visiuzwe kwa wachuuzi wa vitu vya kale. Thamani wanayopewa wenye navyo huliwa ndani ya mwezi, na mjukuu hatakiona tena isipokuwa katika hoteli.

Sakafuni utandikwe mkeka wa ukindu. Mkeka hupitisha hewa, huanikwa juani, na fedha yake huenda kwa mama aliyeusuka, Pemba au Makunduchi. Zulia zito kutoka ukuta hadi ukuta hufuga vumbi na unyevu, na kifua cha mzee au mtoto mwenye pumu ndicho kinacholipa. Mito yaweza kushonewa kanga, ila zile zenye jina la Allah au dua zisiwekwe mahali pa kukaliwa. Mapazia yawe mepesi, bila picha za viumbe. Sahihi Bukhari na Muslim zimepokea kwamba Mtume (rehma na amani za Allah zimshukie) alilichukia pazia lenye picha nyumbani kwa Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake), naye akalikata na kulifanya mito. Hata katika kisa hicho kitambaa hakikutupwa, na hilo nalo ni funzo.

Stara izingatiwe. Mafundi wa zamani waliuweka mlango na njia ya ndani kwa kona, ili anayesimama barazani asione uani. Dirisha la kichochoroni liko usawa wa macho ya wapita njia, basi liwekewe luva za mbao zinazoingiza hewa na kuzuia jicho. Kama chumba ni cha wageni, kiambaza chepesi au pazia nene litenge njia ya kwenda ndani.

Kuhusu wingi wa samani, tunayo hadithi katika Sahihi Muslim inayoeleza kwamba kitanda kimoja ni cha mume, cha pili cha mke, cha tatu cha mgeni, na cha nne ni cha shetani. Mwenye kuielewa hatajaza chumba cha mita tatu kwa seti ya sofa saba.

Fedha zitangulie wapi?

Kwa familia yenye uwezo wa wastani, ushauri wetu ni kuigawa kazi kwa misimu. Mwaka wa kwanza, kabla ya masika, yarekebishwe mapaa, mifereji na mabomba. Masika yenyewe yatumike kukagua: wapi bado panavuja? Kipupwe kipigwe lipu ya chokaa, na umeme uwekwe. Choo na milango vifuate. Samani na mapambo viwe vya mwisho, navyo vingi vimeshapatikana ndani ya nyumba. Anayeanza na mapambo hulipa mara mbili.

Fundi mwashi anayeijua chokaa ni hazina, nao wanazidi kupungua. Akipatikana, mwanao au mpwa wako awekwe pembeni yake kama msaidizi, ajifunze kuchanganya na kupiga. Ujira wa fundi ukubaliwe kabla ya kazi, uandikwe, na alipwe kwa wakati, kwa mujibu wa mafundisho ya Mtume wetu ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Nyumba hizi tumezikuta zimesimama. Waliozijenga walichoma mawe na kubeba boriti begani, nasi tunaishi kivulini mwao. Kukikausha chumba kimoja, kukipaka weupe na kumteremsha humo mzazi aliyekuwa haioni njia, kila mlango ukifunguliwa asubuhi akasalimiwa na majirani na adhana ikamkuta amekwisha kutawadha, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa familia nyingi kuliko tunavyodhani. Familia ikae wikiendi hii, ikifungue kile chumba, iwashe taa na iangalie kuta. Allah azijaalie nyumba zetu utulivu na baraka, na awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Wabillahi tawfiq.